Alba, Joho Jeusi au Suti? Tuchague Vazi la Ibada kwa Maana Yake

Swali la mavazi ya mwongoza ibada huwa linafika mezani likiwa limechelewa. Kamati imekwisha kuamua viti, vipaza sauti na rangi ya ukuta, ndipo mtu anauliza padre au mchungaji atavaa nini. Jibu hutolewa kwa dakika chache: kitambaa kisichokunjika, rangi inayopendeza pichani. Makala haya ni ya wale wanaotaka kuamua kwa msingi mwingine: wazee wa kanisa, kamati za liturujia, frateri anayesubiri upadrisho, familia inayotaka kumzawadia mtumishi mpya. Nitayaweka mavazi sambamba na kuuliza juu ya kila moja: linatuambia nini kuhusu Kristo, na linamfanya nini yule anayelivaa?

Kwanza tujue uhuru wetu unaishia wapi. Padre Mkatoliki hachagui kati ya kasula, lile vazi la juu la Misa, na suti. Utaratibu wa Misale ya Kirumi unamtaka avae alba (kanzu nyeupe ndefu), stola (kitambaa chembamba kirefu cha shingoni) na kasula anapoadhimisha Misa, na agizo la Vatikano la mwaka 2004 lilikemea waziwazi desturi ya kuvaa stola tu juu ya nguo za kawaida. Kasisi wa Kiorthodoksi naye amepokea mavazi yake na sala zake kutoka kwa waliomtangulia, wala hayabadilishi kwa hiari yake. Waanglikana na Walutheri wana nafasi pana zaidi. Makanisa mengi ya Kipentekoste na ya Kibaptisti yana uhuru karibu wote. Kwa hiyo wasomaji wengine wanachagua aina ya vazi, na wengine wanachagua mkato, kitambaa na namna ya kulivaa. Uchaguzi huu wa pili unaonekana mdogo, lakini unaweza kuiokoa maana ya vazi au kuipoteza.

Haruni au raia wa Roma?

Wengi wakitetea mavazi ya kikuhani huanzia Kutoka 28, na wana sababu. Mungu anaagiza Haruni afanyiwe mavazi matakatifu "kwa utukufu na kwa uzuri": kifuko cha kifuani chenye vito 12 vilivyochorwa majina ya makabila ya Israeli, naivera (vazi la kuhani lenye vipande vya mabegani), joho lenye njuga na makomamanga pindoni, kilemba chenye bamba la dhahabu safi. Kuhani aliingia mbele za Mungu akiwa amewabeba watu wake mabegani na kifuani. Sijui picha nzuri kuliko hiyo ya kazi ya kuhani.

Lakini kihistoria, nguo tunazoziona altareni leo hazikutoka hemani kwa Musa. Zimetokana na nguo za kawaida za dola ya Roma. Alba ilikuwa kanzu, na kasula ilikuwa vazi la nje la kujikinga na baridi na mvua njiani. Wahudumu wa karne za kwanza walivaa kama watu wengine. Mwaka 428 Papa Selestini wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa kusini mwa Gallia, Ufaransa ya leo, akiwakemea waliojitungia mavazi ya pekee; alitaka viongozi wa Kanisa watambulike kwa mafundisho na mwenendo, si kwa nguo. Kisha mitindo ya mitaani ikabadilika, raia wakaziacha kanzu ndefu, Kanisa likabaki nazo. Kufikia Mtaguso wa Nne wa Toledo, mwaka 633, mavazi hayo yalikuwa tayari alama za daraja. Padre aliyevuliwa daraja bila haki, akithibitika kuwa hana hatia, alirudishiwa stola na kasula mbele ya altare. Shemasi alirudishiwa stola na alba.

Wapo wanaosikia historia hii wakadhani imefuta utakatifu wa mavazi. Mimi naona imeuongeza. Mwana wa Mungu alitwaa mwili wa mtu wa kawaida na kuufanya hekalu. Si ajabu kwamba Kanisa lake lilitwaa nguo ya msafiri na kuifanya vazi la sadaka. Tafakari juu ya Haruni ilikuja kuwekwa juu ya kanzu ya Kirumi, na vyote viwili vinakaa pamoja vizuri.

Tena kuna sura inayosahaulika katika mjadala huu. Walawi 16 inasema kwamba siku ya upatanisho, Haruni alipoingia patakatifu pa patakatifu, hakuvaa dhahabu. Alivaa kitani tupu. Torati yenyewe, basi, imeweka fahari na unyenyekevu wa kitambaa katika kabati moja. Anayekuambia kwamba ni lazima mapambo, au kwamba ni lazima ukavu, ameisoma nusu.

Alba, sapalisi na joho jeusi

Alba ni nyeupe, inafunika kuanzia shingoni hadi vifundoni. Sala ya zamani ambayo padre wa Kilatini huisali akiivaa inaomba atakaswe moyo, aoshwe katika damu ya Mwanakondoo, ili afikie furaha ya milele. Nyuma yake kuna Ufunuo 7:14, umati ule ambao "wamefua mavazi yao, na kuyafanya meupe katika damu ya Mwana-Kondoo." Angalia kwamba umati huo si wa makasisi. Ni waliookolewa wote. Alba ni vazi la ubatizo, ndugu ya nguo nyeupe anayovikwa mtoto au mtu mzima anapotoka majini. Ndiyo maana watumikiaji na wahudumu wengine wa ibada wanaruhusiwa kuivaa pia. Kwa hiyo alba ya padre haisemi "mimi niko juu yenu". Inasema "nilioshwa kama ninyi". Yanayomtofautisha yatawekwa juu yake baadaye, na mpangilio huo ni fundisho: Mkristo kwanza, mhudumu baadaye.

Joho jeusi lina asili tofauti kabisa. Ni vazi la chuo kikuu. Mwezi Oktoba 1524 Martin Luther alianza kupanda mimbarani bila kanzu yake ya kitawa, na joho la msomi likawa polepole vazi la wahubiri wa Matengenezo. Mwaka 1811 mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliagiza joho jeusi liwe vazi rasmi la wachungaji wa Kiprotestanti katika nchi yake. Ujumbe wake uko wazi: anayesimama hapa amefundishwa Maandiko na ametumwa kuyafundisha. Mamlaka yake yamo katika Neno alilolichunguza. Vile vipande viwili vyeupe vinavyoning'inia shingoni wengine huvieleza kuwa ni Agano la Kale na Agano Jipya. Ni maelezo yaliyokuja baada ya vazi, lakini yanaendana nalo.

Ukiyalinganisha, joho lina nguvu kubwa mahali ambapo mahubiri ndiyo kiini cha ibada. Linamfunika mhubiri bila kumpamba. Weusi wake unamfanya asikike zaidi kuliko anavyotazamwa, na hilo ni zuri la kiroho. Udhaifu wake unaonekana siku za Pasaka, za ubatizo na za Meza ya Bwana, pale Kanisa linapotaka kusema juu ya ufufuo na karamu huku mwongozaji amevaa rangi ambayo wengi huihusisha na msiba. Udhaifu wa pili ni pale joho linapoongezewa mistari na rangi za shahada. Hapo ujumbe unageuka. Waumini hawaoni tena Neno, wanaona elimu ya mtu.

Kati ya hayo mawili kuna sapalisi ya Kianglikana, lile vazi jeupe pana linalovaliwa juu ya kanzu nyeusi. Ni alba iliyopanuliwa ili ivaliwe juu ya nguo nzito za manyoya katika makanisa ya baridi. Kwa macho ya leo inaweza kuonekana haina shari, lakini imepiganiwa vikali. Mwaka 1550 John Hooper, aliyeteuliwa kuwa askofu wa Gloucester, alikataa kuvaa mavazi ya kuwekewa wakfu kwa sababu aliyaona mabaki ya ukuhani wa Haruni ambao Kristo ameutimiza. Aliwekwa gerezani mwanzoni mwa 1551 hadi alipokubali. Mwaka uliofuata kitabu cha sala cha Uingereza kilipiga marufuku alba na kapa (joho la sherehe), kikaacha sapalisi kwa makasisi. Karne tatu baadaye mambo yaligeuka: baadhi ya makasisi wa Kianglikana walifungwa jela chini ya sheria ya mwaka 1874 kwa ajili ya ibada zilizorudisha kasula na desturi nyingine za kale. Pande zote mbili ziliteseka kwa dhamiri. Anayesema "nguo ni nguo tu" hawatendei haki watu hao, wa upande huu wala wa ule.

Usharika wenye uhuru wa kuchagua kati ya haya matatu, ushauri wangu ni alba. Inaeleweka na mtoto, inafaa kwa ubatizo, kwa Meza ya Bwana na kwa mazishi ya Mkristo pia, na haimwinui mtu. Lakini mahali ambapo joho jeusi limezoeleka kwa vizazi na linavaliwa bila madoido, sioni sababu ya kulivua kwa ajili ya mtindo.

Stola ya Magharibi na epitrakhili ya Mashariki

Hapa ningependa tukae kidogo, maana ni kitambaa chembamba chenye mzigo mkubwa. Padre wa Kilatini akivaa stola husali arudishiwe vazi la kutokufa alilolipoteza kwa kosa la mzazi wa kwanza. Ni sala ya mwana mpotevu anayevikwa na baba yake kabla hajastahili. Wengi huiita stola alama ya mamlaka, nayo ni hivyo, lakini sala yake inaanza na hasara na msamaha. Anayekwenda kuondolea dhambi za wengine anavaa kwanza kumbukumbu ya anguko lake mwenyewe.

Kasisi wa Kiorthodoksi akivaa epitrakhili yake, yaani stola ya Mashariki, hutumia Zaburi 133: mafuta ya thamani yashukayo ndevuni, ndevu za Haruni, mpaka pindo la mavazi yake. Kwake lile vazi ni neema inayomiminwa kutoka juu na kutiririka. Vipande vyake viwili vimeunganishwa mbele, tofauti na stola inayoning'inia wazi, na bila vazi hilo kasisi hawezi kuhudumu sakramenti yoyote. Wakati wa kuungama, kasisi huliweka juu ya kichwa cha anayetubu na kusali sala ya msamaha. Yale mafuta ya zaburi yanamfikia mdhambi kwa kitambaa kile kile. Nimeitafakari desturi hiyo mara nyingi na sijaona ishara ya huruma iliyo wazi zaidi yake katika mavazi yote ya ibada.

Shemasi wa Magharibi huivaa stola begani kushoto na kuifunga ubavuni kulia. Wahubiri wengi huikumbuka hapo Yohana 13, Yesu alipoweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa na kujifunga kiunoni ili aoshe miguu. Sisemi kwamba ndiko ilikotoka. Nasema shemasi akiivaa bila kuikumbuka sura hiyo amepoteza kitu.

Kwa wanaochagua: tafuteni stola yenye alama moja inayosomeka ukiwa kiti cha mwisho, msalaba au ngano na zabibu. Stola iliyojazwa majina, nembo za jubilei na tarehe za mwenyewe inamrudisha kwake yeye macho ambayo vazi lilitaka kuyaelekeza kwa Kristo. Nazijua familia zinazotarizi jina la kijana wao mbele kabisa kwa upendo na fahari. Itarizini ndani, upande usioonekana, pamoja na ombi la kumwombea.

Kasula pana na kasula ya Kirumi

Sala ya kasula inatumia maneno ya Bwana: "nira yangu ni laini, na mzigo wangu ni mwepesi." Mapokeo mengine yanaiona kuwa ni upendo, kwa Wakolosai 3:14: "Zaidi ya hayo yote jivikeni upendo." Maana hizi mbili zinakamilishana. Nira bila upendo ni utumwa, na upendo bila nira hugeuka hisia.

Kasula ya kale ilikuwa pana, imemzunguka mtu mzima, ikikunjamana mikononi kila alipoiinua. Vitambaa vilipokuwa vizito kwa nyuzi za dhahabu na nakshi, pande zilianza kukatwa ili mikono iwe huru, hadi ikapatikana kasula ya Kirumi: vipande viwili vigumu, mbele na nyuma. Karne ya 19 watu kama msanifu majengo Augustus Pugin huko Uingereza walirudisha umbo pana. Leo yote mawili yanatumika katika Kanisa Katoliki.

Nani achague ipi? Kasula ya Kirumi imetengeneza kazi za mikono za uzuri wa ajabu, na mgongo wake mpana ulifaa msalaba mkubwa wakati padre alipoelekea altareni pamoja na watu. Parokia iliyorithi kasula za namna hiyo na izitunze na izivae. Ila kwa vazi jipya naipendelea ile pana, kwa sababu ya maana ile ile ya upendo: upendo unafunika. Inamfunika padre mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, mwenye viatu vipya na mwenye viatu vilivyochakaa. Mtu anapungua, kazi ya Kristo inaongezeka. Kasula finyu inapamba zaidi kuliko inavyofunika.

Kwa sababu hiyo hiyo siziungi mkono kasula zinazotengenezwa ili stola ivaliwe juu yake. Kwa desturi stola iko ndani, kasula juu: mamlaka yapo, lakini yamefunikwa na upendo. Ukizigeuza umegeuza na fundisho. Kwa mapadre wengi wanaoadhimisha pamoja, sheria inaruhusu alba na stola pale ambapo pana sababu ya haki, mfano pale kasula hazitoshi wote. Anayeongoza hana ruhusa hiyo.

Felonio ya Mashariki ni dada wa kasula, ndefu nyuma na iliyoinuliwa mbele. Sala yake ni Zaburi 132: "Makuhani wako na wavikwe haki." Sisi wa Magharibi tukivaa tunaomba nguvu ya kubeba, wao wanaomba haki na kushangilia. Vazi lao la chini linavaliwa kwa Isaya 61:10, "amenivika mavazi ya wokovu." Padre yeyote, wa kanisa lolote, angefaidika kuzijua sala za upande wa pili.

Na suti?

Hoja ya suti, au ya nguo za kawaida, si ya kudharauliwa. Bwana alisema: "Jihadharini na waandishi, wapendao kutembea wamevaa mavazi marefu." Kila mbatizwa ni wa ukuhani wa kifalme kwa 1 Petro 2:9, na mwenye kuongoza akivaa kama ndugu zake anaukiri ukweli huo. Hata Kanisa la Uingereza, lililokuwa na sheria kali za mavazi, lilipiga kura katika sinodi yake mwaka 2017 kuwaruhusu makasisi kuyaacha katika mazingira fulani. Barua ya Papa Selestini niliyoitaja ingewafurahisha wengi wanaofikiri hivi.

Tatizo ni kwamba suti haiko kimya. Ina bei, ina mtindo, ina mshono unaotambulika. Yakobo 2 inatuonya juu ya kumpendelea mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri. Mimbari yenye suti ya thamani kila wiki inafundisha kinyume chake bila kutamka neno. Vazi la ibada, hata la hariri, ni mali ya kanisa na hubaki kanisani. Suti ni ya mtu, anaondoka nayo. Kiongozi aliyechagua njia hii kwa unyenyekevu na aushike unyenyekevu huo hadi mwisho: nguo safi, za kawaida, zisizobadilika kila Jumapili. Akiona waumini wameanza kuzungumzia mavazi yake, ajue alba ingemsitiri zaidi.

Rangi na kitambaa

Kwa rangi sitakawia, maana wengi wanazijua. Misale ya mwaka 1570 ilizipanga kwa Wakatoliki wa Kilatini, na Walutheri na Waanglikana wengi wanafuata mpangilio unaofanana: nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na mashahidi, zambarau kwa Majilio na Kwaresima, kijani kwa kipindi cha kawaida. Waorthodoksi hawajazifunga hivyo. Vitabu vyao vya kale huzungumza zaidi juu ya mavazi angavu na ya giza.

Kitambaa kinastahili uangalifu kuliko rangi. Utaratibu wa Misale unasema uzuri wa vazi utokane na kitambaa na umbo lake, si wingi wa mapambo yaliyoongezwa. Ni kanuni inayofaa hata kwa wasio Wakatoliki. Kitani, pamba nzuri au sufu nyepesi hudondoka vizuri na kudumu. Vitambaa vinavyong'aa kwa plastiki huchosha macho, na hufukuta.

Kwa parokia inayoanza bila kitu, nunueni kwanza alba mbili za kutosha watu wa vimo tofauti, kisha kasula ya kijani na ya nyeupe pamoja na stola zake. Kipindi cha kawaida kina wiki 33 au 34, kwa hiyo kijani ndiyo itakayochakaa mapema, iwe imara. Zambarau na nyekundu zifuate. Usharika wa joho jeusi unaotaka kuongeza alba uanze na Pasaka, ambapo weupe unajieleza wenyewe, na mchungaji aeleze maana Jumapili moja kabla ya kuivaa. Kwa frateri au mchungaji mteule, zawadi bora ni alba iliyopimwa mwilini mwake, ifike vifundoni na kufunika shingo. Kama kola inaonekana, mnunulieni na amikto, kitambaa cha kufunika shingo. Na mwandikieni sala za kuvaa kwenye karatasi ngumu ya kubandika sakristia, juu ya meza anapotandaza mavazi yake.